Dereva Aliyekomaa Katika Barabara Zetu



Jumatatu ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1990, raia wa Uswidi aitwaye Björn Waldegård aliibuka mshindi wa Safari Rally. Alikuwa akiendesha Toyota Celica GT-Four, na Pasaka ya mwaka ule ilikuwa ya mvua na matope kwelikweli. Kando yake aliketi mwelekezi wake, Fred Gallagher wa Ireland Kaskazini. Wa pili alikuwa Juha Kankkunen wa Ufini, mwenye miaka 31, ambaye tayari alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara mbili. Wa nne alikuwa Mhispania Carlos Sainz, aliyetimiza miaka 28 mbio zikiwa bado zinaendelea, na kabla mwaka haujaisha ndiye aliyekuwa bingwa mpya wa dunia. Waldegård mwenyewe alikuwa na miaka 46.

Hakuna mtu wa umri huo aliyekuwa amewahi kushinda duru yoyote ya ubingwa wa dunia wa rali. Rekodi hiyo ilikaa karibu miaka 32, mpaka Januari 2022, Mfaransa Sébastien Loeb aliposhinda Monte Carlo akiwa na miaka 47.

Leo nataka tuzungumzie sehemu ya maisha ya dereva ambayo wasimuliaji wengi huipitia juujuu: miaka inayokuja baada ya ubingwa. Tumezoea kuisimulia kwa masikitiko. Bingwa anazeeka, timu inampa gari la pili, halafu la tatu, halafu anaachwa, na mwishowe tunamwona kwenye picha akikata utepe wa duka la magari. Ya Waldegård hayakwenda hivyo, na sababu kubwa ni barabara zetu za Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu kazi yake bora kabisa aliifanya huku, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wameshaanza kustaafu.

Alianza mashindano mwaka 1962, huko kwao Rimbo, kaskazini ya jiji la Stockholm. Alikuwa kijana wa theluji na barafu. Alishinda rali ya Uswidi miaka 3 mfululizo, 1968, 1969 na 1970, na akashinda Monte Carlo mara 2, 1969 na 1970, zote akiwa na Porsche 911. Kama angeacha pale, jina lake lingebaki vitabuni.

Lakini kuna kisa cha mwaka 1976 ambacho mimi hukiona kama mlango wa maisha yake ya pili. Wakati huo alikuwa dereva wa Lancia, timu ya Kiitalia, na mashindano yalikuwa Sanremo, hapohapo Italia. Waldegård alikuwa akiongoza kwa sekunde 4 tu mbele ya Sandro Munari, mwenzake wa timu moja na kipenzi cha Waitalia. Ilikuwa imebaki hatua moja. Wakubwa wa timu walitaka wawili hao waianze hatua ya mwisho wakiwa sawa, kwa hiyo Waldegård alipofika kwenye mstari wa kuondokea, mtu wa timu alisimama mbele ya gari lake akamzuia mpaka sekunde 4 zikapita. Injini inanguruma, saa inahesabu, na yeye anatazama uongozi wake ukimwagika chini. Akaachiwa. Alipofika mwisho, alikuwa amempita Munari kwa sekunde zilezile 4. Akachukua kombe, na haukupita muda akaihama Lancia.

Ford wakampokea. Na mashindano makubwa yaliyokuwa yakimsubiri mwaka uliofuata yalikuwa Safari.

Hakuwa mgeni huku. Mwaka 1974 alikuja na Porsche, akaongoza, gari likamsumbua, na Joginder Singh wa Kenya akampita na Mitsubishi Colt Lancer. Waldegård akamaliza wa pili. Watu wa rika langu wanakumbuka shangwe ya ushindi ule wa Joginder, tuliyemwita Simba wa Kenya, mzaliwa wa Kericho. Wachache walimtazama yule Mswidi aliyeshindwa. Ningependa tumtazame, kwa sababu mtu aliyekosa Safari kwa namna ile ana njia mbili: aape kutorudi tena, au arudi kujifunza. Waldegård alirudi, na alipopata Ford Escort RS1800 mwaka 1977, katika Safari ya matope mengi, akashinda akiwa na mwelekezi wake Hans Thorszelius. Mwaka huohuo akashinda Acropolis ya Ugiriki na RAC ya Uingereza.

Mwaka 1979 ubingwa wa dunia wa madereva ulishindaniwa kwa mara ya kwanza. Ulikwenda mpaka mashindano ya mwisho, huko Kodivaa, kati yake na Hannu Mikkola wa Ufini. Mikkola alishinda Kodivaa, Waldegård akawa wa pili, na hesabu zilipofungwa Waldegård alikuwa na pointi 112 na Mikkola 111. Pointi moja. Bingwa wa kwanza wa dunia alikuwa ametimiza miaka 36 mwezi uliotangulia.

Sasa nisikilize hapa, msikilizaji. Katika maisha yake yote Waldegård alishinda duru 16 za ubingwa wa dunia. Saba kati ya hizo alizishinda baada ya kutwaa ubingwa ule. Moja ilikuwa New Zealand, mwaka 1982. Sita zilizobaki zote zilikuwa katika ardhi ya Afrika: Kodivaa mwaka 1980, 1983 na 1986, na Safari mwaka 1984, 1986 na 1990. Yaani tangu alipoitwa bingwa hadi alipostaafu, mtu huyu hakushinda tena Ulaya hata mara moja katika ngazi ya dunia. Huko kulikuwa na vijana wenye kasi kuliko yeye. Akija Afrika, vijana walewale walikuwa wanamtafuta kwa darubini.

Kwa nini?

Wasikilizaji vijana wanaoijua Safari ya Naivasha pengine hawajui ile ya zamani ilivyokuwa. Leo barabara inafungwa, gari moja moja linaachiwa, linakimbia kilomita 10, 20 au 30, saa inasimama, gari linarudi kwa mafundi. Zamani barabara haikufungwa kabisa. Mashindano yalipangwa kutoka kituo hadi kituo, kwa muda uliopimwa kwa ukali hata mara nyingi haukuwezekana kutimizwa. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa adhabu ya dakika moja, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Njiani humo mlikuwa na matatu, malori ya mizigo, baiskeli zenye magunia ya mkaa, ng'ombe wanaorudi zizini, na mama anayetoka sokoni. Umbali wote ulikuwa kilomita elfu nne, elfu tano, na miaka mingine ulizidi hapo. Mchana na usiku, kwa siku kadhaa, kutoka Nairobi mpaka Pwani, kurudi bara, kupanda Bonde la Ufa, kuteremka Kerio.

Timu kubwa zilikuja na helikopta. Kazi yake ilikuwa kuruka mbele ya gari na kumwambia dereva kwa redio: kuna kundi la mbuzi baada ya kona, kuna lori limekwama mtoni. Mbele ya gari kulifungwa vyuma vya kukinga wanyama, taa kubwa za usiku, na bomba refu la kuvuta hewa lililopandishwa juu ili injini isinywe maji wakati wa kuvuka mito. Hilo bomba watoto tulilipenda sana. Nilikuwa miongoni mwa waliopangwa kando ya barabara kule Taita, na wazee walitukataza kusimama upande wa chini wa kona. Ilikuwa lazima upande wa juu, kwenye kingo za udongo. Kwanza ungesikia helikopta. Halafu kimya kidogo, halafu honi ya mbali, ndefu, isiyokatika. Kisha taa, na kokoto zikirushwa mpaka kwenye majani ya migomba. Vumbi likitulia tulibishana ni nani aliyepita. Waliokuwa wanamjua Waldegård walisema humtambua kwa jambo moja: gari lake lilipita kona bila fujo. Wengine waliingia wakiwa wamelaza gari upande, watu wakashangilia. Yeye alipita, basi.

Sikuwa na akili ya kuelewa maana yake wakati ule. Baadaye nilielewa kwamba katika mashindano ya namna ile kasi peke yake ilikuwa sumu. Mtu anayekanyaga mafuta mpaka mwisho kwa kilomita 20 anaweza kuwa hodari kweli, lakini akifanya hivyo kwa kilomita elfu 4, kuna shimo mahali fulani lenye jina lake. Dereva wa Safari alipaswa kujua wapi pa kupoteza dakika kwa makusudi. Alipaswa kusikia ekseli ikilalamika kabla haijakatika, na akubali kupunguza mwendo huku mpinzani akimpita akimpungia mkono. Elimu hiyo haifundishwi kwa mwaka mmoja. Na ukiwa na miaka 25, hata ukifundishwa, mguu hautii.

Msiichukue kuwa hadithi ya mtu mmoja. Joginder Singh aliposhinda Safari yake ya tatu mwaka 1976 alikuwa na miaka 44. Mikkola, yuleyule aliyekosa ubingwa kwa pointi moja, alirudi mwaka 1987 na Audi 200 Quattro, gari kubwa la familia ambalo wengi waliliona zito mno kwa mashindano, akashinda akiwa na miaka 44. Halafu Waldegård na miaka yake 46. Sijui rali nyingine ya ubingwa wa dunia iliyowavisha taji watu wazima namna hiyo. Na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa na Idi Amin, ndiye aliyeshinda Safari mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwanzoni, 1973, alishinda kwa kubanana kabisa na Harry Källström, adhabu zao zikiwa sawa. Zile nne za mwishoni alizishinda kwa utulivu wa mtu anayejua nyumba yake usiku bila taa.

Turudi kwa Mswidi wetu. Katika miaka ya themanini aliajiriwa na Toyota, timu iliyokuwa na makao yake Cologne, Ujerumani, chini ya Ove Andersson. Andersson naye alikuwa Mswidi, na yeye mwenyewe aliwahi kushinda Safari, mwaka 1975, kwa Peugeot 504. Kwa hiyo bosi alijua anachokitafuta. Hakumtaka Waldegård ashindane na vijana kwenye lami ya Corsica. Alimtaka kwa Afrika, na gari lilijengwa kwa Afrika. Mwaka 1984 Waldegård akaipa Toyota ushindi wake wa kwanza wa Safari. Mwaka 1985 kijana mmoja wa timu hiyohiyo, ndiye Kankkunen, alikuja kwa mara ya kwanza akashinda, Waldegård akawa wa pili. Mwaka 1986 mzee akalirudisha kombe mikononi mwake, na mwenzake wa timu, Lars-Erik Torph, akawa wa pili.

Mwaka ule wa 1986 unastahili kusimuliwa taratibu. Ulikuwa mwaka wa magari makali kuliko yote yaliyowahi kuruhusiwa katika rali, yale yaliyoitwa Group B. Peugeot walikuwa na 205 ndogo iliyosukumwa na magurudumu yote manne, yenye nguvu za kutisha. Lancia na Audi nao walikuwa na yao. Celica ya Toyota ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilikuwa nzito na ndefu, na Ulaya ilionekana ya kizamani. Lakini kuanzia 1983 hadi 1986, katika enzi nzima ya Group B, hakuna gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lililofanikiwa kushinda Safari. Zilishinda Opel Ascona ya Ari Vatanen mwaka 1983, halafu Celica mara 3. Gari sahili, dereva mwenye subira. Mei ya mwaka huohuo Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya gari lao la Group B huko Corsica, na mwisho wa mwaka Group B ikapigwa marufuku. Nikiyatazama yale magari na wale vijana, naona huzuni kubwa, kwa sababu walikuwa na vipaji vya ajabu na walipewa mashine zisizomsamehe binadamu kosa hata moja.

Waldegård aliuvuka mwaka ule mzima mzima, akiwa ameshinda Safari na Kodivaa.

Mwaka 1990 mambo yalikuwa yamebadilika. Sasa Celica nayo ilikuwa na magurudumu manne yanayosukuma, na ndani ya timu alikuwamo Sainz, ambaye kwa kasi hakuna aliyebisha kwamba alimzidi mzee. Toyota wangeweza kusema, "Björn, umetutumikia vya kutosha." Hawakusema hivyo. Walimleta kwa Safari kama fundi anayeitwa kwa kazi moja anayoijua, na alipoingia kwenye matope ya Pasaka ile, ile elimu ya miaka 16, tangu siku aliposhindwa na Joginder, ikafanya kazi. Lancia walikuwa na gari bora duniani, na Kankkunen, sasa dereva wao, alikuwa mshindi wa zamani wa Safari. Hawakumfikia.

Mwisho wake katika ngazi ya dunia ulikuwa hapahapa pia, na ulikuwa wa maumivu. Katika Safari ya 1992 alipata ajali akavunjika mkono. Alikuwa na miaka 48. Hapo akaacha.

Ajali humaliza mambo kwa namna tofauti. Mehta alipata ajali mbaya mwaka 1987, kwenye rali ya Mafarao huko Misri, akiwa na Peugeot, na baada ya hapo hakuwa dereva tena. Alikuwa na miaka 42. Yeye akageukia uongozi. Alipanda ngazi mpaka akawa kiongozi wa kamisheni ya rali katika shirikisho la dunia la magari, FIA, na alikuwa bado anaitumikia rali alipofariki London mwezi Aprili 2006. Kuna watu wanaosema uongozi ni mahali pa kumstarehesha mwanamichezo aliyechoka. Kwa Mehta siamini hivyo. Dunia ya rali ilikuwa mikononi mwa Wazungu wa Ulaya kwa miongo mingi, na kuwa na mtu aliyezaliwa Uganda na kukomaa katika barabara za Kenya kwenye meza ile kulikuwa na uzito wake.

Waldegård hakwenda mezani. Alirudi shambani kwao, na inaonekana aliridhika. Lakini mwaka 2003, baada ya Safari kuondolewa kwenye ubingwa wa dunia, kulianzishwa East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, yanayosukumwa na magurudumu mawili tu na yasiyo na tabo, kupita Kenya na Tanzania. Mwaka huo ulikuwa wa 50 tangu Safari ya kwanza ya 1953, ile iliyoandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mwaka 2007 Waldegård akaja kwenye Classic. Alikuwa na miaka 64. Gari lake lilikuwa Ford Escort RS1800, aina ileile aliyoshinda nayo Safari ya 1977, miaka 30 nyuma. Na kwenye kiti cha mwelekezi alikaa mwanawe, Mathias.

Hebu tuwaze kidogo juu ya chumba kile kidogo. Escort ni gari finyu. Ndani kuna vyuma vya kukinga paa, joto la injini linapita miguuni, vumbi linaingia hata madirisha yakifungwa, na kwa saa nyingi kila siku ni watu wawili tu. Mwelekezi anashika kitabu cha njia, anapiga hesabu za kilomita na dakika, anamwambia dereva: mita 300, mto mkavu, kaa kushoto. Dereva lazima amtii papo hapo, maana hakuna nafasi ya kuuliza mara mbili. Kwa hiyo mle ndani mwana ndiye anayetoa amri na baba anayetii. Baba ambaye alikuwa bingwa wa dunia. Tunaotoka katika jamii ambamo mtoto hapazi sauti mbele ya mzazi, tunaona jinsi jambo hilo lilivyo zito. Nadhani kulihitajika unyenyekevu mwingi kwa baba, na ujasiri mwingi zaidi kwa mwana. Wakashinda.

Mwaka 2011 wakarudi, safari hii na Porsche 911, gari la ujana wa mzee, lile la Monte Carlo na la kushindwa kwa 1974. Wakashinda tena. Björn Waldegård alikuwa na miaka 68.

Sitaki kuwadanganya kwamba Classic ni sawa na ubingwa wa dunia. Washiriki wengi ni watu wenye uwezo wao, wanaolipa gharama kubwa kuja kuendesha. Lakini wamo pia madereva wa kweli. Ian Duncan wa Kenya, mshindi wa Safari ya 1994 kwa Toyota Celica, alishinda Classic ya 2009 kwa Ford Mustang, na akashinda tena 2013. Duncan hakuwa mtu wa kuachia mgeni ushindi kwa heshima ya mvi. Aliyemshinda Duncan katika barabara za Kenya na Tanzania alikuwa amefanya kazi.

Waldegård alifariki tarehe 29 Agosti 2014 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 70.

Sasa nije kwenye siku zetu. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Nilifurahi kama Mkenya yeyote. Hatua za Kedong, Soysambu na Hell's Gate ni ngumu, vumbi la volkano linameza magurudumu, na mvua ikinyesha madereva bora wa dunia wanakwama. Jumla ya kilomita zinazoshindaniwa ni kama 300 na ushei, kwa siku chache, barabara zikiwa zimefungwa. Wapo wanaolilia ile ya zamani irudi kama ilivyokuwa. Mimi silii. Kuendesha kwa kasi ile katikati ya matatu na watoto wa shule kulikuwa hatari ambayo sasa hatuna haki ya kuiruhusu, na idadi ya watu na magari barabarani leo si ile ya 1977.

Hata hivyo kuna kitu tumekipoteza. Rali fupi ni rali ya sekunde, na sekunde ni za vijana, isipokuwa watu adimu kama Loeb, au kama Sébastien Ogier ambaye alishinda Naivasha mwaka 2021 na tena 2023, mwaka ambao hakuwa hata akikimbia msimu mzima. Rali ndefu ndiyo iliyokuwa ikimpa mtu wa miaka 46 nafasi ya haki. Tazama Dakar, ambayo bado inakwenda maelfu ya kilomita jangwani. Januari 2024, huko Saudi Arabia, ilishindwa na Carlos Sainz akiwa na miaka 61. Ndiyo, yuleyule aliyekuwa wa nne nyuma ya Waldegård kwenye matope ya 1990. Alikuwa timu moja na mzee yule na alimwona kwa karibu. Sitasema alijifunzia hapo, maana hilo analijua mwenyewe, ila najua kwamba katika Safari ile kijana mwenye kasi kuliko wote alishindwa na mtu anayemzidi miaka 18.

Ndiyo maana naomba jambo moja kwa wanaosimamia mchezo huu nchini. Tuna vijana wenye vipaji, na serikali na wafadhili wameanza kuwasaidia kwenda kushindana nje. Lakini mafunzo mengi wanayopewa ni ya kasi: namna ya kuingia kona, kuandika maelezo ya njia, kupima breki. Ni mema yote. Pamoja na hayo, waandaliwe mashindano marefu ya taifa, ya siku 3 au 4, barabara zikiwa zimefungwa na salama, Laikipia, Kajiado, Taita, ambako gari lisilotunzwa litakufa. Na wakati wa kukagua njia, kabla ya saa kuanza kuhesabu, kila kijana apewe dereva mmoja mstaafu wa kukaa naye kiti cha pembeni. Wapo, wanakaa Nairobi, Nakuru, Mombasa, na wengi wao hawajaulizwa neno tangu walipoacha mashindano. Mafuta ya siku mbili za ukaguzi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya gari moja lililopinduka.